Kuingia Chamani na Kudumu Chamani

Msomaji, ukitaka kuzijua nguvu za chama usiende kukitazama siku ya kufunguliwa kwake. Siku hiyo turubai hufungwa, viti hupangwa, wageni wa heshima huhutubu, na majina huandikwa daftarini mpaka kurasa zikaisha. Nenda mwaka wa pili, wakati wa palizi, au wakati mvua zimekata njia, ukawahesabu waliofika mkutanoni. Hao ndio chama. Wengine walikuwa watazamaji. Wahenga walisema kuwa ngoma ivumayo haidumu, na vyama vingi vimeuthibitisha usemi huo.

Katika insha hii nataka tutafute katika historia jibu la swali moja. Ni jambo gani limvutalo mwanamke aingie katika chama cha kujitolea, kisicho na mshahara, na ni jambo gani limfanyalo akae humo? Nauliza kwa ajili ya wanawake waliosoma vyuo vikuu, na swali nalielekeza Garsen, katika nchi ya Mto Tana, kwa kuwa huko jibu lake lina uzito kupita mahali pengi.

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Urefu wake ni kilomita zipatazo 1,000. Huanza katika Mlima Kenya na safu za Nyandarua, hupita katika nchi kavu, na ukifika Garsen hutanuka ukawa tambarare ya mabwawa, majani na mashamba ya mpunga hadi baharini karibu na Kipini. Kandokando ya maji hulima Wapokomo. Katika malisho huchunga Waorma na Wawardei. Mkulima ataka ukingo wa mto kwa mpunga na migomba yake, na mfugaji ataka njia ya kuwafikisha ng'ombe wake kwenye ukingo ule ule wakati wa kiangazi. Elimu ya shule haikuchelewa kugonga mlango, maana wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika Ngao katika mwaka wa 1887. Walakini kutoka mlangoni mpaka chumbani imekuwa safari ndefu. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti nzima ya Tana River, yaani chini ya watu kumi kwa kila kilomita ya mraba. Kijiji ki mbali na kijiji, na mafuriko makubwa, kama yale ya 1961, ya 1997 na ya 2023, huzidi kuvitenga. Msichana apataye shahada huvutwa na kazi za Mombasa na Nairobi, na kwao hurudi kama mgeni wa sikukuu.

Tena iko habari ya mwaka wa 2012. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa, katika delta ya Tana, kilishambuliwa. Watu zaidi ya 50 waliuawa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Mashambulio ya kulipizana kisasi kati ya wakulima na wafugaji yaliendelea mpaka mwanzo wa 2013, na waliokufa wakapita mia moja. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na aliyeiongoza alikuwa mwanamke mwanasheria, Jaji Grace Nzioka. Basi wewe mwenyewe waona: chama kiwezacho kuwakalisha mke wa mkulima na mke wa mfugaji juu ya mkeka mmoja, wakazungumza habari za watoto wao, si pambo la kuvalia sikukuu. Kikifa chama cha namna hiyo, hasara yake haiandikwi katika daftari la ada peke yake.

Tuanzie karibu, katika miji ya pwani yetu. Hapo zamani, kabla ya neno "chama cha kujitolea" kutumika, wanawake wa Mombasa na Lamu walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama. Vilistawi tangu mwisho wa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20. Mombasa vilijulikana sana Ibinal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu. Mwanachama alipanda cheo kwa kutoa mali na karamu, akaitwa kwa jina la heshima, na wenziwe walimhudumia siku ya harusi na siku ya msiba. Hata mwanamke ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, asiyepewa nafasi barazani, aliweza kupata cheo katika lelemama. Hilo ndilo lililowavuta na kuwakalisha wengi: mtu alijua mahali pake, na alijua kwamba asipoonekana ataulizwa.

Lakini ushindani ule ule uliovijaza vyama hivyo ulivichosha pia. Karamu ilitaka karamu kubwa zaidi, nguo ilitaka nguo ya thamani zaidi, na mali ya nyumba ikaenda na ngoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa Mombasa walianzisha vyama vya namna nyingine, vilivyoshughulika na mafundisho ya wanawake na maendeleo yao. Somo tulipatalo hapa ni la pande mbili. Heshima humleta mtu na humfunga kwa wenziwe. Lakini heshima inunuliwayo kwa fedha huwaacha nje maskini, na huwafilisi walio ndani.

Sasa tutoke pwani tuingie bara, tukitazame chama kikubwa kuliko vyote vya wanawake katika Kenya, yaani Maendeleo ya Wanawake. Kilianzishwa katika mwaka wa 1952 chini ya idara ya serikali ya kikoloni iliyohusika na maendeleo ya jamii, na wanawake wa Kizungu ndio waliokiongoza mwanzoni. Vilabu vyake vilifundisha ushoni, upishi, usafi wa nyumba na malezi ya watoto, na viongozi wa vilabu walipelekwa kufunzwa katika Jeanes School huko Kabete. Mwaka ule ule wa 1952, mwezi wa Oktoba, serikali ilitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Katika Mkoa wa Kati wanawake walilazimishwa kufanya kazi ngumu, kama kuchimba mitaro ya kuzunguka vijiji vilivyolindwa na askari. Aliyejiunga na klabu ya Maendeleo aliweza kusamehewa kazi hiyo, na klabu ziligawa maziwa kwa watoto wenye njaa. Si ajabu, basi, kwamba kufikia mwaka wa 1954 vilabu vilikuwa vimepita 500.

Fikiri kidogo, msomaji. Je, hesabu hiyo ilikuwa ya wanachama, au ilikuwa ya watu waliokimbia jua wakaingia kivulini? Hali ya Hatari ilipoondolewa mwanzoni mwa mwaka wa 1960, wengi hawakuwa tena na sababu ile ya kukaa. Wakati huo chama kilikuwa kimekwisha pata mwenyekiti wake wa kwanza Mwafrika, Bi Phoebe Asiyo, aliyeshika kazi hiyo katika mwaka wa 1958. Baada ya uhuru, serikali mpya haikuwa na fedha nyingi za kukilea, na wachunguzi walioandika katika miaka ya 1970 walionyesha ufa mwingine: viongozi wa mjini walikuwa wametengana na wanachama wa shambani. Katika mwaka wa 1987 chama kilifungamanishwa na KANU, kilichokuwa chama pekee cha siasa nchini. Hata baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwishoni mwa 1991, kazi ya kujirudishia imani ya watu ilibaki. Chama hiki hakikufa, na kimewafaa wanawake wengi; walakini historia yake yafundisha wazi kwamba mamlaka yaweza kujaza daftari kwa siku moja, ila hayawezi kujaza mioyo. Aingiaye kwa hofu hutoka hofu ikiisha, na aingiaye kwa ajili ya serikali huondoka na serikali.

Linganisha na mambo yaliyotendeka bila amri katika Mkoa wa Kati huo huo katika miaka ya 1960 na ya 1970. Wanawake wa vijijini walifanya vikundi vilivyoitwa vikundi vya mabati. Walilima mashamba ya watu kwa ujira, wakaweka fedha pamoja, wakanunua mabati, wakaezeka nyumba ya mmoja wao. Kisha wakaanza tena kwa ajili ya wa pili, na wa tatu, mpaka zamu ikawazunguka wote. Hapakuhitajika hotuba ya kumshawishi mtu abaki. Aliyekwisha ezekewa alikuwa na deni kwa wenziwe, na asiyeezekewa alikuwa na tumaini. Tena ushuhuda wa kazi ulikuwa juu ya paa, waking'aa kwa jua, na jirani akipita njiani aliuliza mwenyewe jinsi ya kujiunga. Katika jambo zima la kutafuta wanachama sijaona tangazo lililo bora kuliko hilo.

Utasema: hao walikuwa wanawake wa shambani, nasi twazungumza habari za wenye shahada. Ni kweli. Basi tuwatazame wenye shahada wenyewe. Shirikisho la kimataifa la wanawake wa vyuo vikuu lilizaliwa katika mwaka wa 1919, na waliolifikiri walikuwa walimu wa vyuo: Virginia Gildersleeve wa Marekani, pamoja na Caroline Spurgeon na Rose Sidgwick wa Uingereza. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeua mamilioni ya vijana, nao walisadiki kwamba wanawake waliosoma wa mataifa mbalimbali wakijuana kwa urafiki wa kweli, vita vingine vingekuwa na adui mmoja zaidi. Naomba ukumbuke jambo hili tutakaporudi Garsen. Chama cha wahitimu hakikuanzishwa ili watu waonyeshane vyeti, bali kilianzishwa na watu waliokuwa wakiomboleza.

Kwetu Afrika ya Mashariki wenye shahada wa kwanza walikuwa wachache mno. Makerere ilipokea wanafunzi wanawake kwa mara ya kwanza katika mwaka wa 1945. Mmoja wa wale wa mwanzo, Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye aliitwa Sarah Ntiro, alitaka kusoma hesabu, na mwalimu wa somo hilo akakataa kumfundisha mwanamke. Hakukata tamaa. Alikwenda Oxford akasoma historia, na katika mwaka wa 1954 akapata shahada, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuhitimu chuo kikuu. Mtu wa namna hiyo alihitaji wenziwe, na ndiyo sababu vyama vya wanawake wa vyuo vikuu viliundwa katika nchi zetu. Lakini uchache wao ulikuwa mtego. Kama mlango wa chama ni shahada, na wenye shahada katika wilaya ni watatu, chama kitakuwa benchi moja, na akihamishwa mmoja benchi litayumba.

Njia ya kutoka katika mtego huo ilionyeshwa na mwanachama mmoja wa chama cha wanawake wa vyuo vikuu cha Kenya. Huyo ni Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka wa 1940 na kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1971. Alifanya kazi pia katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, lililoundwa mwaka wa 1964 ili kuviunganisha vyama vya wanawake. Humo aliwasikiliza wanawake wa mashambani. Hawakulalamikia nadharia, walilalamikia kuni zilizokuwa mbali, maji yaliyokauka na chakula kilichopungua. Akaona kwamba maneno hayo matatu yana mzizi mmoja, nao ni miti iliyokatwa.

Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenziwe walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, kwa sherehe na heshima. Mingi kati ya miti hiyo haikuishi. Angekuwa mtu mwingine angepanga sherehe nyingine. Yeye na Baraza walibadili mwendo: vikundi vya wanawake viliotesha miche vijijini kwao, kwa mbegu walizookota wenyewe, hata katika vyungu vilivyovunjika. Wataalamu wa misitu walipodhani kwamba kazi hiyo yataka diploma, wanawake waliifanya bila diploma. Kisha ikawekwa kanuni ambayo napenda uishike kuliko jambo lolote lingine katika insha hii: kikundi kililipwa fedha kidogo, si kwa mche uliopandwa, bali kwa mche uliokuwa hai baada ya muda. Hivyo mwanamke aliyepanda alikuwa na sababu ya kurudi kumwagilia, na kikundi kilikuwa na sababu ya kukutana na kuhesabu. Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani katika mwaka wa 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imezidi milioni 30.

Wala usidhani kwamba njia ilikuwa nyororo. Maathai alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa Baraza katika mwaka wa 1980, Maendeleo ya Wanawake ilijitoa, na Baraza likapoteza sehemu kubwa ya fedha zake. Hata hivyo halikuanguka; aliendelea kuliongoza mpaka mwaka wa 1987. Ofisi ilikuwa maskini, lakini vitalu vya miche vilikuwa vijijini, na wenye vitalu hawakungoja ofisi iwaambie kuwa wao ni wanachama. Kila siku waliona kwa macho yao jambo waliloshikilia.

Sasa turudi mtoni. Mwanamke wa Garsen mwenye shahada atakaye kuanzisha chama, au kukihuisha kilicholala, aweza kuchuma nini katika habari hizi?

Kwanza, asihesabu miche siku ya sherehe. Ahesabu wanachama baada ya majira mawili, mvua na kiangazi, kisha auseme ukweli wa hesabu hiyo mbele ya wote. Kumtafuta mwanachama mpya ni kazi tamu, kwa maana ina makofi. Kumfuata aliyeacha kuja, ukamwuliza ana nini nyumbani, ni kazi isiyo na makofi, nayo ndiyo inayokijenga chama.

Pili, shahada iwe taa, isiwe mlango. Wenye shahada wachache wakijifungia peke yao watakosa watu, na mwanamke auzaye maziwa au alimaye mpunga akialikwa kuja kusikiliza tu atachoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi ichaguliwe na wenye shida, kama Maathai alivyosikia habari za kuni na maji kabla ya kusema habari za miti. Mama wa Kiorma ajua habari za maziwa kuliko mwenye shahada ya kilimo, na mama wa Kipokomo ajua siku ya mto kupanda. Wakisikilizwa watakaa, kwa sababu mtu haachi upesi mahali ambapo neno lake hutumika.

Tatu, kuwe na zamu. Uongozi uzunguke, mahali pa mkutano pazunguke, na manufaa yazunguke, kama mabati yalivyozunguka. Katika nchi ambayo damu ilimwagika mwaka wa 2012, zamu ni zaidi ya utaratibu. Mwenyekiti akitoka siku zote katika jamii moja, jamii nyingine itahesabu chama kuwa cha jirani. Vivyo hivyo lugha: mkutano uendeshwao kwa Kiingereza ili kuonyesha elimu umekwisha wafukuza nusu ya waliokuja. Kiswahili kipo, na asiyekijua vema atafsiriwe kwa Kipokomo au kwa Kiorma.

Nne, fedha ziandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wanachama hupotea pamoja nayo. Ada iwe ndogo kiasi cha kuwezwa na aliye maskini kuliko wote, nayo isomwe hadharani kila mkutano.

Tano, walioondoka wasihesabiwe kuwa wamekufa. Binti wa Garsen aliye daktari au mwalimu Mombasa hawezi kuhudhuria kila mwezi. Lakini aweza kupewa kazi moja iliyo yake, kama kuwafundisha wasichana wa sekondari katika likizo, au kumlipia mmoja karo. Akipewa kazi atakumbuka. Akitumiwa risiti za ada peke yake atasahau.

Yako pingamizi, nami sitaki kuyaficha. Watu husema kuwa kujitolea ni anasa ya wenye kipato, na kwamba mwanamke aamkaye kabla ya jogoo kuchota maji hana saa ya ziada ya kuupa mkutano. Neno hilo ni zito, na ni la kweli kwa chama kikutanacho ili kukutana. Lakini wanawake wa mabati hawakuwa na kipato, wala wale walioziotesha mbegu katika vyungu vilivyovunjika hawakuwa na saa za ziada. Walitoa saa walizokuwa nazo kwa sababu waliona mahali zilipokwenda. Kiongozi asiyeweza kuonyesha mahali hapo hana haki ya kumlaumu aliyebaki nyumbani.

Nimalize kwa kukugeukia wewe, msomaji, uliye katika kidato leo, pengine Ngao, pengine Hola, pengine mbali na Tana kabisa. Miaka si mingi nawe utakuwa na cheti mkononi, na mtu atakuletea daftari uandike jina lako. Kabla ya kuandika, uliza chama kinafanya nini, na fedha zinakwenda wapi. Uliza pia nani hakualikwa, ukamwalike. Ukikwisha kuandika, rudi mwezi ujao, na mwezi wa pili, hata kama njia ni ya matope. Mche hauishi kwa sababu ulipandwa na mtu mwenye jina kubwa. Huishi kwa sababu yuko mtu aliyerudi na maji.